Namna ya kupanga matumizi ya petroli bei inapobadilika

Kwa kawaida EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nazo huanza kutumika siku hiyo hiyo. Usikimbilie kujaza tangi Jumanne kwa uvumi wa kijiweni, kwani bei huweza pia kushuka.

Lenye faida zaidi ni kujua gari lako linakula kiasi gani. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, endesha wiki nzima ya kazi (usipime kwa Jumapili ambayo barabara ni tupu, maana siku za kazi foleni, kama ile ya Mwenge jijini Dar es Salaam, hula mafuta gari likiwa limesimama), kisha jaza tena na ugawe kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Gari lililotembea kilomita 360 kwa lita 30 linakwenda kilomita 12 kwa lita; bei ikipanda shilingi 200 kwa lita, anayetembea kilomita 48 kwa siku ataongeza shilingi 800 kila siku.

Kituoni, agiza kwa lita. Ukizoea kusema “weka ya elfu ishirini”, bei ikipanda lita hupungua bila wewe kutambua. Hakikisha pia pampu imeanzia sifuri.