Presha, bili na mkalimani: mwongozo kwa makanisa na misikiti ya Marekani

Kanisa au msikiti ukiamua kuingia katika kazi ya haki ya rangi na usawa wa afya, kishawishi cha kwanza huwa kuitisha kongamano. Watu wanahutubiwa, wanakula, wanapiga picha, na Jumatatu presha za waumini ziko palepale. Kazi yenye faida ni ndogo na ya kurudiarudia: kupima, kufuatilia, halafu kudai kwa maandishi kile ambacho sheria imekwisha kukiagiza. Watu sita wanatosha kuanza. Awepo muuguzi au daktari mwenye leseni, wapimaji wawili waliofundishwa, mtunza kumbukumbu, mtu asiyechoka kusoma Kiingereza cha kiofisi, na mzee mmoja ambaye waumini humweleza mambo yao bila kuogopa.

Kabla ya mashine ya presha, shughulikieni imani ya watu kwa wapimaji. Kati ya 1932 na 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende katika kaunti ya Macon, Alabama, bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa imeshakuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo tangu miaka ya 1940. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Anayesita kuvua koti mbele ya mpimaji huenda amekulia na habari hizo mezani kwao. Msimwambie asahau. Mwambieni nani atashika namba zake, zitafungiwa wapi na zitachanwa lini. Chuo kikuu kikitaka kuja na fomu za utafiti, kipangiwe siku nyingine kabisa; utafiti na upimaji vikichanganywa, mtapoteza watu ambao hawatarudi tena.

Siku ya kupima

Chumba kiwe cha pembeni, si mlangoni ibada ikitoka. Anayepimwa asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kufanya mazoezi katika dakika 30 zilizotangulia, na awe ameshakwenda msalani. Aketi kimya dakika 5: mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mpimeni mara mbili kwa kupumzisha dakika 1 katikati, muandike vipimo vyote viwili na wastani wake.

Makosa mengi huanzia kwenye mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34. Wa sentimita 35 hadi 44 unahitaji mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mtu anakwenda nyumbani na hofu isiyo yake. Kwa hiyo utepe wa fundi cherehani uwe mezani karibu na mashine: pima mkono kwanza, katikati ya bega na kiwiko, kisha chagua mkanda. Pia msikunje mkono wa shati ukabana bega kama kamba. Bora mtu auvue. Na salamu zisubiri. Kuongea tu wakati mashine inajaza kunaweza kupandisha kipimo kwa milimita 10 hivi za zebaki, yaani namba 10 kwenye mashine, na ukumbini kwetu hakuna anayependa kunyamaza.

Kwa mwongozo unaotumika Marekani tangu 2017, kuanzia 130 kwa 80 huhesabiwa presha ya juu, ila kipimo cha siku moja si uamuzi wa daktari. Hilo mpimaji aliseme kwa sauti. Ikifika 180 kwa 120, pumzisheni dakika chache mpime tena. Ikibaki hapo na mtu ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, upande mmoja umelegea, maneno hayatoki sawasawa au macho yamefifia, pigeni 911 palepale. Asiye na dalili hizo aongee na daktari siku hiyohiyo.

Upimaji mwingi hufia hapa. Watu 40 wamepimwa, 15 wana presha, na kliniki ya karibu imejaa kwa miezi miwili ijayo. Omba nafasi kabla ya kutangaza siku. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya shirikisho hupanga malipo kulingana na kipato na havimfukuzi asiye na bima. Zungumzeni na kimoja kiwawekee hata nafasi 10. Kadi ya mgonjwa iwe na vipimo, tarehe, jina la kliniki na saa ya miadi. Baada ya wiki 2, mtunza kumbukumbu apige simu. Majina ya wagonjwa yasiingie kamwe kwenye orodha ya maombi inayosomwa madhabahuni bila ruhusa ya mwenyewe. Nia ni njema, lakini siri ikishatoka hairudi.

Bili

Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilipoanza 1966, hospitali iliyotenganisha wagonjwa kwa rangi ilikosa malipo ya serikali, na wodi nyingi za Kusini mwa Marekani zilichanganywa ndani ya miezi michache. Mahubiri yalikuwa yamefanya kazi yake, ila kilichofungua milango ni kanuni iliyofungwa kwenye fedha. Tafuteni kanuni za namna hiyo.

Hospitali isiyolipa kodi ya mapato ya shirikisho kwa sababu ya kuhesabiwa shirika la hisani lazima iwe na sera ya maandishi ya msaada wa kifedha. Mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali kuomba msaada huo, na hospitali haitakiwi kuanza hatua kali kama kumshtaki au kumharibia rekodi ya mikopo kabla ya siku 120. Anayestahili hatozwi zaidi ya kiwango ambacho wenye bima hutozwa kwa kawaida. Sera hiyo itafsiriwe pia kwa lugha ya kundi lisilomudu Kiingereza likifikia watu 1,000 au asilimia 5 ya jamii inayohudumiwa, idadi yoyote iliyo ndogo kati ya hizo. Ulizeni kama Kiswahili kimo.

Muumini akileta bili, tazameni kwanza jina lililo juu ya karatasi. Hospitali inaweza kusamehe deni lake, na daktari wa usingizi akatuma bili yake mwenyewe isiyoguswa na msamaha huo. Sera lazima iwe na orodha ya watoa huduma wanaohusika nayo. Isomeni kabla ya kumwambia mtu kwamba yamekwisha.

Mkalimani ni rahisi zaidi kudai, lakini watu hawamdai. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 na sheria ya afya ya 2010 zinaitaka hospitali inayopokea fedha za shirikisho itoe mkalimani bure. Mtoto wa miaka 11 asitumwe kumtafsiria mama yake majibu ya saratani. Chapisheni kikadi cha mfukoni: «Nazungumza Kiswahili. Naomba mkalimani bila malipo», Kiingereza chini yake.

Barua kwa hospitali

Kila baada ya miaka 3 hospitali zilezile za hisani zisizolipa kodi hutakiwa kufanya tathmini ya mahitaji ya afya ya jamii na kuitangaza hadharani. Lazima zipate maoni ya watu wa kipato cha chini, wasiofikiwa na huduma, na wa jamii za wachache, au wawakilishi wao. Hospitali isiyotimiza takwa hilo hutozwa dola 50,000. Tafuteni tathmini ya mwisho kwenye tovuti ya hospitali, msome nani alihojiwa, mkatafute kama mtaa wenu umetajwa.

Kisha andikeni ukurasa mmoja wenye dai moja, kwa mfano kliniki ya presha ya jioni kwa wanaofanya kazi mchana. Madai saba katika barua moja hujibiwa kwa shukrani. Ambatisheni jumla ya vipimo bila majina: wangapi walipimwa, wangapi walizidi 130 kwa 80, wangapi walikosa miadi na kwa nini. Maoni ya maandishi juu ya tathmini iliyopita lazima yazingatiwe katika inayofuata, kwa hiyo barua iwe na tarehe, itumwe kwa njia yenye risiti, na nakala ibaki ofisini hata hospitali ikikaa kimya.