Katuni ya vipande vya karatasi kwa album ya picha: tuanze na sungura

Jambo bote. Tangu nilionesha ile album ya ubatizo ya mutoto wa dada yangu, batu banaendelea kuniuliza ile gorila iko mu ukurasa wa kwanza niliuza wapi. Sikuuza. Ni karatasi tu, vipande 13, kimoja juu ya kingine, na kole. Hakuna ata rangi nilipaka, karibu kila rangi unaona pale ni karatasi yake. Haiombi mashini, ile mashini ya kukata yenye banaonesha ku YouTube muisahau kwanza.

Vitu: makasi mbili, moja ya kawaida na moja ndogo ya ncha kali, kreyo, karatasi ya kalke (ile inaonesha mchoro wa chini), wembe, kole ya fimbo, choki ya masomo na pamba kidogo. Karatasi za rangi njo jambo kubwa. Ile ya fotokopi ni gramu 80, ukiweka kole inajikunja, na rangi ya chini inaonekana juu yake. Tafuta ya gramu 160 mpaka 220, ku papeteri ukisema karatasi ngumu ya rangi banakuelewa, na fasi zingine banauzisha moja moja, si lazima pakiti nzima. Gazeti na kartoni ya biskuti acha, kisha miaka kidogo inageuka manjano na inaharibu picha iko karibu.

Kuchagua katuni. Tafadhali musianze na gorila sawa mimi. Nilitaka juu sisi ba Bukavu gorila ya parke ya Kahuzi-Biega ni jirani, lakini nyeusi juu ya nyeusi inapotea, ni ule mugongo wa kijivu wa dume njo uliniokoa. Anza na sungura: kichwa mviringo, masikio mbili, rangi tatu basi. Katuni za televizio nazo zinawezekana kwa album ya mutoto wako, ila kama unataka kuuzisha, zile ziko na benyewe. Mickey ya zamani kabisa, ya 1928, ilikuwa huru kule Marekani tangu Januari 2024, lakini Mickey nyingi zenye zilikuja nyuma bado. Sungura na fisi ni ya bakoko yetu, hakuna mutu atakuuliza.

Ukubwa: ukurasa wa A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, picha ya kawaida ni 10 kwa 15, kwa hiyo katuni ya sentimita 9 ao 10 inakaa vizuri. Ukifanya ndogo kuliko pale, kukata vipande vidogo inakuwa mateso.

Sasa kugawanya, na hapa njo batu bote banakosea, banakimbilia makasi. Kazi inaisha ku kreyo, makasi inafuata tu. Weka kalke juu ya mchoro, jiulize: nini iko nyuma kabisa? Ile ni namba 1. Kwa sungura ni sikio ya nyuma, kisha mukia, mwili, miguu, kichwa, sikio ya mbele, mashavu, pua. Andika namba ndani ya kila kipande. Kisha kila kipande chenye kinaingia chini ya kingine unakiongezea milimita 3 ao 4 pale kitajificha. Chini njo inaongezewa, juu hapana, juu inafuata mustari sawa sawa. Mimi gorila ya kwanza nilikata vyote juu ya mustari, kubandika, kati ya kichwa na mabega kukabaki ufa mweupe, mutoto akaniuliza nani alimuchinja.

Kuhamisha: bandika mchoro ku kioo ya dirisha muchana, karatasi ya rangi juu yake, mwangaza inapita. Umeme ikatike isikatike haikuhusu. Ila karatasi nzito ya rangi kali haipitishi kitu, pale unakata kipande cha kalke na unazungusha kreyo pembeni. Ukichora upande wa nyuma ili kreyo isionekane, geuza kalke kwanza! Nilisahau, nikapata gorila ya mikono mbili ya kushoto.

Kukata: mukono wa makasi ukae fasi moja, karatasi njo inazunguka. Matundu ya ndani anza nayo, kwa wembe, karatasi ingali nzima. Macho usikate, perforatere ya biro (ile ya kutoboa karatasi) inatoa mviringo wa milimita 6, na kidoti cheupe unaweka na kure-dents umechovya mu blanko (ile ya kufuta makosa ya biki).

Mbele ya kole, paka choki pembeni ya kila kipande na pamba, kidogo kidogo, kahawia ku karatasi ya rangi ya kahawa, bluu ku nyeupe. Bila hiyo sungura inakuwa bapa sawa chapati. Panga vyote bila kole, piga picha na telefone, kisha bandika kuanzia namba 1. Weka chini ya diksionere usiku muzima, sana sana mu mvua yetu hii.

Maswali ya banamemba

Mama wa Goma: Mimi sijue kuchora ata yai.
Jibu: Hata mimi. Chukua kaye ya batoto ya kupaka rangi, fanya fotokopi. Kama mchoro ni wa A5 sema bakuwekee 141 kwa mia, inatoka A4 kamili.

Memba wa Kadutu: Nataka katuni ya mutoto wangu mwenyewe, lakini ile karatasi banaita rangi ya ngozi ni ya pinki.
Jibu: Ngozi ya nani ile? Tafuta kahawia mbili, moja ya uso na moja nzito kidogo ya masikio na mikono. Anveloppe ya kaki inasaidia pia, ila isiguse picha.

Dada wa Lubumbashi: Kole yangu ya maji inanyongesha karatasi.
Jibu: Unaweka mingi. Vidoti vidogo na kure-dents, katikati, hapana pembeni.

Memba wa Bagira: Naweza kuinua kichwa kikae juu juu?
Jibu: Ndiyo, vipande vya kartoni (hapana ile ya biskuti) chini yake. Kichwa tu, ukiinua vyote album haifunge tena.

Mama wa Nguba: Nimemaliza kukata, sasa sungura inaangalia inje ya ukurasa, imepatia picha mugongo.
Jibu: Kama karatasi iko na rangi pande mbili na haujaweka kole, geuza tu kila kipande. Kama nyuma ni nyeupe, hamisha picha, uiweke upande ule sungura inaangalia.