Somo: Kupima hatari kabla ya kubeba vifaa vizito vya ujenzi kwa mikono

Mfuko wa saruji wa kilo 50 una uzito uleule popote ulipo, lakini hatari yake haiko sawa. Kuuchukua ukiwa usawa wa kiuno ni kazi moja. Kuuinua toka sakafuni, kwenye kona ya ghala, ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo maana kujua kilo peke yake hakutoshi. Tazama pia mzigo ulipo, njia utakayopita na mtu atakayeubeba.

Tathmini ifanyike kabla lori halijashusha. Mzigo ukishawekwa pabaya, watu watauinamia siku nzima.

Hatua ya 1: Je, ni lazima ubebwe?
Lori linaweza kushusha karibu na pa kuchanganyia zege? Kuna toroli? Kuna kapi la kupandishia juu? Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayookoa migongo mingi kuliko zote.

Hatua ya 2: Jua uzito wa kweli
Saruji imeandikwa mfukoni. Kwa nondo, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162; utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 12 inafika karibu kilo 19. Zege bichi ndilo linalodanganya watu: mita moja ya ujazo ni takriban kilo 2,400, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 48 hivi. Mbao na mchanga vikilowa, ongeza makadirio.

Hatua ya 3: Mzigo uko wapi ukilinganisha na mwili?
Hapa tulia. Mikono ikinyooshwa mbele, misuli ya mgongo huvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa mzigo wenyewe, na diski za kiunoni, yaani vifundo laini kati ya pingili za uti wa mgongo, ndizo zinazobanwa. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kwa mwanamume, mzigo ulio karibu na mwili, usawa wa kiuno: kilo 25. Ukiwa karibu na sakafu: kilo 10. Ukiwa sakafuni na mikono imenyooshwa: kilo 5. Kwa mwanamke ni 16, 7 na 3. Hizo si kikomo cha kisheria, ni kipimo cha kukuambia uchunguze zaidi. Ukigeuza kiwiliwili nyuzi 45 unapoinua, punguza asilimia 10. Nyuzi 90, punguza asilimia 20.

Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 umezidi mara mbili hata ukiwa mahali pazuri. Agiza mifuko ya kilo 25 kama inapatikana, panga juu ya chaga badala ya sakafu, sogeza kwa toroli. Na anayeinua ageuke kwa miguu, asijipinde kiuno.

Hatua ya 4: Pita njia mikono mitupu
Angalia matope, mashimo, ncha za nondo, ngazi, mwanga. Kwa mabati, angalia upepo.

Hatua ya 5: Mtu mwenyewe
Mjamzito, kijana chini ya miaka 18, aliyewahi kuumia mgongo: hawa wapangiwe kazi nyingine. Usikisie kwa ukubwa wa mwili; muulize mtu, na muulize mahali ambapo atajibu bila woga wa kukosa kibarua.

Andika ulichokiona na ulichoamua. Mvua ikinyesha au ghorofa ikiongezeka, pima upya.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, tukibeba wawili uwezo unajumlishwa?
Hapana. Wawili wahesabu theluthi mbili ya jumla ya uwezo wao, watatu nusu. Wanaume wawili wa kilo 25 kila mmoja wanapata kama kilo 33, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 bado umewazidi. Mmoja awe ndiye anayehesabu, wainue pamoja.

Mkanda wa kiunoni unazuia kuumia?
Usiutegemee. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, haiupendekezi kama kinga kwa mtu mzima wa afya. Fedha hiyo nunulieni toroli.

Vibarua wetu wanalipwa kwa idadi ya tofali, hawataki kupumzika. Nifanyeje, ndugu?
Malipo hayo yenyewe ni hatari, yaandike kwenye tathmini. Kwa HSE, kuinua mara 5 hadi 8 kwa dakika kunashusha viwango vya hapo juu kwa nusu. Walipe kwa siku, wabadilishane kubeba na kupanga, na mapumziko yasikatwe kwenye ujira. Ukibaki na malipo ya idadi, hakuna mafunzo ya kuinua yatakayowasaidia.

Mtu akishikwa na mgongo akiwa amebeba?
Aweke mzigo chini, kazi ya kubeba iishe kwake siku hiyo. Akipata ganzi kati ya mapaja, sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu, au akishindwa kukojoa au kuzuia haja, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mishipa ya fahamu inaweza kuwa imebanwa. Kama ni maumivu tu, atembee taratibu kadiri anavyoweza, asilale siku nyingi. Kabla mwingine hajachukua nafasi yake, rudieni hatua ya 3 kwa mzigo uleule.