RabbitMQ: bakapu ya foleni haibebi meseji

Kwa wenzangu hapa Lamu mnaopitisha buking za boti za Shela na Manda kwa RabbitMQ (programu inayopokea meseji, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwa programu nyingine), kabla hujagusa seva piga kwanza `rabbitmqctl export_definitions /root/foleni.json`, ni chapchap na wala huzimi kitu. Faili hiyo inabeba mayuza (watumiaji), vhosti (vyumba vilivyotengwa ndani ya seva), foleni zenyewe, eksichenji (zinazogawa meseji kwa foleni) na baindingi zake (viungo vya eksichenji na foleni), na kurudisha ni `rabbitmqctl import_definitions` na faili ileile, basi. Ila sikizeni, hapa ndo watu wanapoumia: meseji zilizolala ndani ya foleni HAZIMO mule, ni sawa na kuokoa magunia ukaacha mchele. Ukizitaka meseji lazima uzime nodi (RabbitMQ yenyewe inayokimbia kwa mashine) kabisa ndo unakili folda yote ya `/var/lib/rabbitmq/mnesia` (hapo ndipo huwa kwa Linux nyingi), maana nodi ikiwa hai inaendelea kuandika diski na we utabeba vitu nusunusu. Na hata hivyo tegemea tu zile zilizotumwa kama za kudumu kwa foleni ya kudumu. Tena jina la nodi linafuata jina la mashine, sasa ukihamishia folda mashine yenye jina lengine nodi itaamka tupu utadhani bakapu imekufa kumbe yatafuta folda ya jina lake, kwa hivyo ipe `RABBITMQ_NODENAME` ya zamani na jina hilo uliandike kwa `/etc/hosts`. Faili ya json nayo ifiche vizuri jamani, ina hashi (paswodi zilizofumbwa) za mayuza wote.