Mradi umechelewa siku ngapi? Namna ya kuisoma SPI

Ripoti ya mwezi ya mradi wa ujenzi ikikuonyesha SPI (Schedule Performance Index, yaani thamani ya kazi iliyofanyika ukiigawa kwa thamani ya kazi iliyopangwa kufikia siku hiyo) ya 0.75, usiseme bado kwamba mradi umechelewa kwa robo ya muda wake. Namba hiyo imetokana na shilingi. Siku lazima uzitafute mwenyewe.

Tuchukue mfano wa skuli ya vyumba 12 huko Wete: mkataba wa shilingi milioni 600, muda miezi 10, kuanzia Januari. Kwa mpango wa awali, thamani ya kazi kwa jumla ilitakiwa ifike milioni 30 mwisho wa mwezi wa kwanza, 80 wa pili, 150 wa tatu na 240 wa nne. Mwisho wa Aprili unapima, unakuta kazi iliyokwisha ni ya milioni 180. Gawa 180 kwa 240, unapata 0.75. Chini ya 1 mradi uko nyuma ya mpango, juu ya 1 uko mbele. Malipo hayaingii hapa kabisa: mkandarasi anaweza kuwa ameshalipwa milioni 220 na thamani ya kazi ikabaki 180 ile ile.

Sasa uliza hiyo 180 imepatikanaje, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Tuseme linta (mihimili ya zege juu ya milango na madirisha) za vyumba vyote zimetengewa milioni 36, yaani milioni 3 kila chumba. Ripoti inasema linta zimefika asilimia 80. Nenda saiti uhesabu chumba kimoja kimoja. Ukikuta vyumba 7 vimeshamwagwa zege, andika milioni 21, ambayo ni asilimia 58. Chumba cha nane kimefungwa mbao na nondo zimesukwa, lakini zege bado: andika sifuri. Ni kanuni kali, ila inazuia ubishi, na mwezi ujao chumba hicho kitahesabiwa chote. Saruji na nondo zilizoshushwa bandarini Mkoani au kupangwa stoo nazo si kazi iliyofanyika. Ukizihesabu, SPI itapanda siku meli inapofika, na ukuta haujaongezeka hata tofali moja.

Kupata siku, tumia njia aliyoieleza Mmarekani Walt Lipke mwaka 2003. Jiuliza: kwa mpango wa awali, milioni 180 zilitakiwa zifikiwe lini? Ni baada ya mwezi wa tatu (150) na kabla ya wa nne (240). Ziada ya 30 igawe kwa 90, ambayo ndiyo kazi ya mwezi wa nne, upate 0.33. Basi mradi uko mwezi wa 3.33 wakati kalenda iko mwezi wa 4. Umechelewa theluthi mbili ya mwezi, kama siku 20. Gawa 3.33 kwa 4, upate 0.83, kisha gawa miezi 10 kwa 0.83, upate miezi 12: huo ndio muda ambao mradi wote unaelekea kuchukua.

Njia hii inafaa zaidi mradi unapokaribia mwisho. SPI ya shilingi hupanda yenyewe kuelekea 1, kwa sababu kazi yote ikikwisha, thamani iliyofikiwa lazima ilingane na iliyopangwa. Skuli ikikabidhiwa miezi miwili nyuma ya tarehe, bado SPI hiyo itasoma 1.0. Kwa hiyo katika theluthi ya mwisho usiitegemee.

Hiyo miezi 12 nayo inachukulia kwamba kasi itabaki ile ile. Machi na Aprili ni masika. Kama mpango haukutenga siku za mvua, 0.83 inaupima mpango kuliko inavyowapima mafundi, na kipupwe huenda kikarudisha baadhi ya siku. Mwezi wa Ramadhani, saa za kazi zinapopungua, upime vivyo hivyo.

Kisha tazama ni kazi zipi zimeingiza hizo milioni 180. Uzio na mashimo ya vyoo vinaweza kuipandisha namba huku mbao za kenchi zikiwa bado Dar es Salaam. Bila kenchi hakuna mabati, bila mabati hakuna plasta ya dari wala umeme. Kenchi zikichelewa wiki tatu, tarehe ya kukabidhi inasogea wiki tatu, hata SPI ikisoma 1.05.

Mwisho, angalia tarehe ya mpango uliotumika kugawia. Mpango ukichorwa upya kila baada ya kuchelewa, SPI haitatoka kwenye 1. Marekebisho yakiidhinishwa, weka kwenye ripoti namba mbili: moja kwa mpango mpya, moja kwa ule uliosainiwa pamoja na mkataba.