Probabiliti kwa kuhesabu: kabla hujaandika sehemu, pima uzito wa orodha yako

Juzi baada ya alasiri nipo na vijana wangu wa tusheni hapa Ngamiani, Tanga, mtihani wa fomu foo unakaribia, nikawapa swali jepesi tu la kuanzia. Unarusha shilingi 200 mara mbili, upande mmoja kichwa cha Mzee Karume upande wa pili simba, je probabiliti, yaani ukubwa wa nafasi, ya kupata simba walau mara moja ni ngapi? Kama nusu ya waliokuwepo wakajibu 2/3, na maelezo wakayatoa vizuri kabisa, yaani ticha hapa yanaweza kutokea mambo matatu, simba zote mbili, au moja kichwa moja simba, au vichwa vyote, sasa katika hayo matatu mawili yana simba, si ndo 2/3 hiyo?

Jibu ni 3/4. Na sikuwagombeza, kwa sababu mwaka 1754 d'Alembert, mwanahesabu mkubwa wa Ufaransa, aliandika 2/3 hiyohiyo kwenye ensaiklopidia ya kwao. Yeye alisema upande unaoutaka ukitoka mrusho wa kwanza mchezo umekwisha, kwaiyo yapo matokeo matatu tu, akagawa. Kosa lake na la vijana wangu ni la ukoo mmoja, na ndo limenifanya niandike haya, maana nikisahihisha madaftari naona watu hawafeli kwenye kuzidisha wala kurahisisha, wanafeli pale mwanzo kabisa wanapotengeneza orodha.

Kanuni yenyewe wote mnaijua. Chini kwenye asili unaweka idadi ya yote yanayoweza kutokea, juu kwenye kiasi unaweka idadi ya yale unayoyataka, basi. Ila hiyo kanuni ina sharti ambalo watu wanaliruka, kila kitu kwenye orodha lazima kiwe na uzito sawa na mwenzake, kisiwepo kimoja chenye nafasi kubwa ya kutokea kuliko kingine. "Moja kichwa moja simba" ina uzito mara mbili ya "simba zote", kwa sababu inaingia kwa milango miwili, kichwa kikatangulia au simba akatangulia. Kama huamini chukua sarafu mbili za 200, moja itie alama ya maka peni, uzirushe pamoja. Sasa unaona kwa macho kwamba yenye alama kutoa simba na isiyo na alama kutoa kichwa ni jambo moja, na kinyume chake ni jambo jingine. Orodha ya haki ni KK, KS, SK, SS, vinne, vitatu vina simba. Hiyo hila ya kutia alama ishike sana, mi naitumia mpaka leo nikikwama, vitu vinavyofanana vipe majina kichwani hata kama swali halijavipa.

Tuingie kwenye dadu maana ndo pazuri zaidi. Dadu mbili za ludo, jumla 7. Dadu ya kwanza ina njia 6, na kwa kila njia ya kwanza ya pili nayo ina 6, so 6×6 = 36. Jumla ya 7 inatoka kwa 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, 4 na 3, 5 na 2, 6 na 1, hizo 6, jibu 6/36 yaani 1/6. Rahisi. Sasa ongeza dadu ya tatu. Zamani huko Italia wacheza dadu walikuwa wanasumbuka na swali hili, jumla ya 9 inapatikana kwa aina sita, na jumla ya 10 nayo kwa aina sita, mbona mezani 10 inatoka mara nyingi kidogo kuliko 9? Swali likamfikia Galileo, ndiyo huyohuyo wa darubini, aliyefariki 1642, naye akakaa akahesabu. Kaa na wewe uhesabu, chukua karatasi.

Aina za 9 ni 1-2-6, 1-3-5, 1-4-4, 2-2-5, 2-3-4, 3-3-3. Aina za 10 ni 1-3-6, 1-4-5, 2-2-6, 2-3-5, 2-4-4, 3-3-4. Kweli sita kwa sita. Lakini pima uzito. Aina yenye namba tatu tofauti kama 1-2-6 inaweza kukaa kwenye dadu tatu kwa njia 3×2×1 = 6. Yenye mbili zinazofanana kama 1-4-4 ina njia 3 tu, ni suala la ile 1 ikae dadu ipi. Na 3-3-3 ina njia moja tu basi. Kwaiyo 9 ni 6+6+3+3+6+1 = 25, na 10 ni 6+6+3+6+3+3 = 27, zote juu ya 6×6×6 = 216. 25/216 na 27/216, tofauti ndogo mno, na wale jamaa wakaiona kwa kucheza tu, mpaka leo hilo linanishangaza. Ile 3-3-3 ndo iliyoiangusha 9. Ukielewa mfano huu mmoja hadi unaweza kumweleza mdogo wako, umeshavuka pagumu.

Kwenye kuzidisha sikai sana. Kazi ikiwa ina hatua, hatua ya kwanza njia kadhaa, ya pili njia kadhaa, unazidisha. Mfano namba ya siri ya tarakimu nne iliyotolewa na mashine bila upendeleo, zote zinazowezekana ni 10×10×10×10 = 10,000. Zisizorudia tarakimu ni 10×9×8×7 = 5,040. Probabiliti ya kutorudia ni 5,040/10,000, yaani zaidi kidogo tu ya nusu. Angalia namba inavyopungua, 10, 9, 8, 7, kwa sababu iliyotumika haitumiki tena. Swali likikuambia "inarudishwa" haipungui, likikuambia "hairudishwi" inapungua. Soma hilo neno mara mbili jamani.

Sasa keram. Hapa Tanga barazani kila mtu kaicheza au kaitazama, kete nyeusi 9, nyeupe 9, na nyekundu moja, jumla 19. Zitie kwenye mfuko, vuta mbili bila kuangalia na bila kurudisha. Probabiliti zote ziwe nyeusi?

Kuna njia mbili za kuhesabu na zote ni halali. Ya kwanza unajali mpangilio, yaani ipi ilitoka kwanza ipi ya pili, hiyo ndo pemyutesheni. Chini 19×18 = 342, juu 9×8 = 72, 72/342 ukirahisisha ni 4/19. Ya pili hujali mpangilio, unaangalia tu jozi gani iko mkononi, hiyo ndo kombinesheni. Kila jozi kwenye njia ya kwanza ilihesabiwa mara mbili, kwaiyo gawa kwa 2, chini 171, juu 36, na 36/171 inarudi kuwa 4/19 ileile. Kosa la kifo, na naliona kila mwaka, ni mtu kuhesabu juu kwa njia moja na chini kwa njia nyingine. Anaandika 36/342 anapata 2/19, au 72/171 anapata 8/19, zote mbili si jibu, na hesabu za kuzidisha kazipata sawasawa kabisa, inauma! Ukishaamua kujali mpangilio, ujali juu na chini. Ukiamua kutojali, usijali kote. Mi nawaambia vijana waandike pembeni ya daftari "najali" au "sijali" kabla ya kushika kikokotoo, ni neno moja tu na linaokoa maksi.

Na wanaouliza nitajuaje niende na ipi, kama swali linahusu nani kakaa wapi au nani kawa wa kwanza, hapo mpangilio ni lazima. Kama ni kundi tu, kamati, jozi, fungu la samaki, chagua inayokupa namba ndogo.

Mfano wa kukaa. Watoto watano wanakaa kwenye benchi moja madrasa, kila mtu popote, Mwanaidi na Zuhura ni ndugu, probabiliti wakae wamegusana? Wote kwa jumla 5×4×3×2×1 = 120. Sasa wale ndugu wafunge khanga moja, wahesabu kama mtu mmoja, wamebaki "watu" wanne, njia 24. Lakini ndani ya khanga Mwanaidi anaweza kuwa kulia au kushoto, zidisha kwa 2, inakuwa 48. 48/120 = 2/5. Ukiulizwa wasigusane usianze upya, toa kwenye 1, ni 3/5.

Hiyo ya kutoa kwenye 1 ni rafiki mkubwa, hasa ukiona neno "walau". Una machungwa 10 ya Muheza kwenye kikapu, 3 yameoza kwa ndani na kwa nje huwezi kujua, mteja anachukua 3. Probabiliti apate walau moja bovu? Ukienda moja kwa moja itabidi uhesabu bovu moja, kisha mawili, kisha matatu, ujumlishe, na njiani unapotea. Geuza swali, apate yote mazima. Mazima yapo 7, kuchagua 3 ndani ya 7 ni 7×6×5 gawa kwa 6, maana kila fungu la matatu limehesabiwa mara 3×2×1 = 6, yaani 35. Kuchagua 3 ndani ya 10 ni 10×9×8 gawa kwa 6, yaani 120. Mazima matupu 35/120, basi walau moja bovu ni 85/120, ukirahisisha 17/24. Karibu robo tatu! Mabovu ni matatu tu kati ya kumi na bado wateja wengi wataondoka na moja, ndo maana muuzaji mzuri anakagua kikapu mwenyewe kabla mteja hajafika.

Swali jingine ninalolipenda, tuseme kuna bonanza la mpira pale uwanja wa Mkwakwani la timu 8, kati yao Coastal Union na African Sports, droo inafanywa bila upendeleo, makundi mawili ya timu nne nne. Probabiliti Wagosi wa Kaya (Coastal) na Wana Kimanumanu (Sports) waangukie kundi moja? Karibu wote wanasema nusu, makundi si mawili. Hapana. Waweke Coastal kwanza, popote pale. Nafasi zilizobaki ni 7, na kwenye kundi la Coastal zimebaki 3, kule kwingine 4. Kwaiyo 3/7, chini kidogo ya nusu, kwa sababu Coastal wenyewe wameshakula nafasi moja ya kundi lao. Hakikisha kwa njia ndefu, kuchagua timu 4 za kundi A kati ya 8 ni njia 70, zenye wote wawili A ni 15, zenye wote wawili B ni 15, 30/70, imerudi 3/7. Napenda sana kulifanya swali kwa njia mbili, ukipata namba moja kote moyo unatulia, ukipata tofauti umejua kuna kosa kabla msahihishaji hajalijua.

Sasa niseme hili kwa uzito wake maana linagusa vijana wengi. Kuhesabu kuna mpaka. Mtu anabeti, anaweka mkeka wa mechi 5, kila mechi ina ushindi, sare au kufungwa, anakokotoa 3×3×3×3×3 = 243 anasema nafasi yangu ni 1/243. Hiyo si kweli, kwa sababu matokeo matatu ya mechi hayana uzito sawa, timu ya juu ikicheza nyumbani na timu ya mkiani kuna tokeo moja limelala upande mmoja. 243 ni idadi sahihi ya mikeka inayowezekana, lakini si probabiliti. Sarafu, dadu nzuri, kete mfukoni, droo ya haki, hizo unaweza kuhesabu na kugawa kwa sababu hakuna kinachopendelewa. Mvua kesho Tanga inanyesha au hainyeshi, mambo mawili, je ndo nusu kwa nusu? Hapo unahitaji rekodi za miaka ya nyuma, kuhesabu njia hakukusaidii kitu. Kijana akishalielewa hili na hela yake ya nauli ataifikiria mara mbili.

Haya, la kujaribu. Mfuko uleule wa keram, kete 19, vuta mbili, probabiliti ziwe rangi tofauti. Andika kwanza "sijali". Fanya moja kwa moja, nyeusi na nyeupe jozi 81, nyekundu na yoyote jozi 18. Kisha ligeuze, rangi moja, utoe kwenye 1. Ukifika 11/19 kwa njia zote mbili, fungua past pepa.