Una siku nne za ziada Ahmedabad? Zipeleke Kachchh

Watu wetu wengi wanaofika Ahmedabad, ama wamemsindikiza mgonjwa ama wamefuata vitambaa, humaliza shughuli zao wakabakiwa na siku kadhaa kabla ya ndege. Wengi huzimalizia madukani. Mimi nakushauri upande treni ya usiku hadi Bhuj. Asubuhi utaamkia Kachchh, wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 45,000, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni chumvi. Mimi huenda kununua mali ya duka langu hapa Mombasa, na anayeniuliza njia humwambia jambo moja: fuata maji. Tazama yalikokimbia na yalikobaki, ndipo utaelewa kwa nini watu wa huko walitujia.

Nenda kati ya Desemba na Februari. Mvua zao huanza Juni na kugeuza jangwa la Rann kuwa bahari ya magoti. Likikauka, linabaki tandiko jeupe la chumvi. Ni msimu huohuo wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi yao pwani yetu. Usiku kuna baridi kali kwa mtu wa Mombasa, kwa hiyo beba sweta. Pombe imepigwa marufuku jimbo la Gujarat. Chakula kingi ni cha mboga. Ukitaka nyama ya halali, uliza mitaa ya Waislamu hapo Bhuj. Mwanamume muite kwa jina lake ukiongeza "bhai" (kaka), na mwanamke "ben" (dada). Utaona nyuso zinavyofunguka.

Bhuj iwe kituo chako. Kodi gari na dereva wake kwa siku zote, maana mabasi ya vijijini yatakulia muda. Kasri la Aina Mahal lipitie haraka, lakini Smritivan, ukumbusho wa tetemeko la 26 Januari 2001 kwenye kilima cha Bhujiyo, uupe asubuhi nzima. Usipoona hapo, hutaelewa kwa nini nyumba nyingi za Bhuj ni mpya.

Siku ya kaskazini anzia kijiji cha Nirona. Hapo kuna ukoo unaochora rogan: mafuta ya mbarika yanachemshwa mpaka yawe mazito kama ulimbo, yanatiwa rangi, kisha fundi anayavuta kwa kijiti cha chuma hewani, uzi wa rangi unatua kwenye kitambaa bila kijiti kugusa. Anachora nusu ya ua tu, anakunja kitambaa, na nusu ya pili inajichapa. Hapo usipige bei. Kazi ya miezi haina punguzo.

Ukitoka Nirona unaingia mbuga ya Banni, nchi ya wafugaji wa nyati, wengi wao Waislamu. Nyati wa Banni hulishwa usiku, jua likishatua. Nyumba zao za duara, bhunga, za udongo na paa la nyasi, nyingi zilisimama imara tetemeko lilipoangusha majengo ya saruji. Na ile miti ya miiba utakayoiona kila upande, usidhani umeota: ni mathenge yuleyule wa Baringo. Idara ya misitu iliipanda Banni mwaka 1961 kuzuia chumvi isisogee, ikaja kumeza malisho. Wafugaji wa pande zote mbili wangekutana, wangekuwa na mengi ya kulaumu pamoja.

Kibali cha Rann hukatwa njiani, Bhirandiyara. Chukua nakala za pasipoti na viza. Pakistani iko karibu, kwa hiyo kamera iweke mbali na wanajeshi. Kwenye chumvi fika kabla ya magharibi, na kama unaweza, usiku wa mbalamwezi.

Siku ya magharibi ni ndefu, na wengi huiruka. Usiiruke. Lakhpat ni ngome ya kuta za kilomita 7, na ndani yake kumebaki kaya chache tu. Zamani tawi la mto Sindhu, yaani Indus, lilipita hapo na mji ukatajirika. Tetemeko la Juni 1819 likainua ukingo mrefu wa ardhi, wenyewe wanauita Allah Bund, maji yakakatika na biashara ikafa. Panda juu ya ukuta, tazama tope lisilo na mwisho, kisha kumbuka Tharia Topan. Alizaliwa hapa Lakhpat mwaka 1823, akavuka kwenda Unguja, akawa mkubwa wa forodha ya Sultani. Lile jengo la Zahanati ya Zamani lenye roshani za mbao, mbele ya bandari ya Unguja, ni lake.

Vitambaa vya ajrakh, vya kupigwa chapa kwa mkono, vinunue Ajrakhpur, nje kidogo ya Bhuj. Mafundi walihamia hapo kutoka Dhamadka kwa sababu baada ya tetemeko la 2001 maji ya kule yalizidi chuma na kuharibu rangi. Nyeusi yao inatokana na chuma chakavu kilichovundikwa na sukari guru, buluu ni nili. Geuza kitambaa: kilicho bora kabisa kimepigwa chapa pande zote mbili. Tafuta pia mahali ambapo chapa hazikukutana sawasawa. Hapo ndipo mkono wa mtu unapojulikana. Mashine haikosei hivyo.

Madhapar iko jirani na Bhuj. Wanawake wa kijiji hiki walikuwa wengi katika wale 300 waliotengeneza upya uwanja wa ndege wa Bhuj kwa saa 72, ulipopigwa mabomu katika vita vya India na Pakistani, Desemba 1971. Familia nyingi zina ndugu Nairobi na London. Keti barazani na wazee, taja Kenya, na usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili cha dukani, kikavu lakini kinaeleweka.

Mandvi, kama kilomita 60 kusini, iweke mwisho. Nenda ukingo wa mto Rukmavati, ambako majahazi ya mbao bado yanaundwa, mengine makubwa kama ghorofa, mbavu zikiwa wazi. Siku hizi yana injini za dizeli na hupeleka mizigo Ghuba na Somalia. Omba ruhusa kwa fundi mkuu kabla ya kupanda ngazi, na vaa viatu vya kufunika, misumari imetapakaa. Ukishuka, kula dabeli mtaani: viazi vya viungo ndani ya mkate, juu karanga na komamanga. Dereva mwambie mrudi mapema, maana treni ya kurudi Ahmedabad huondoka Bhuj na barabara hujaa malori jioni.